Sauti Juu ya Tope

Zamani za masafa ya kati, mtu wa Ifakara aliyetunga shairi na kutaka lisikike alikuwa na safari mbili za kuzingojea. Ya kwanza aliijua vyema: bahasha ilitiwa stempu, ikaenda kwa basi au kwa garimoshi, ikafika Dar es Salaam Mungu alipojaalia. Ya pili hakuiona. Shairi likibahatika kusomwa katika kipindi cha Malenga Wetu cha Redio Tanzania, lilirudi Kilombero kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde, likipita juu ya kilomita zipatazo 320 za mashamba, mbuga na vichaka. Mtunzi aliyekaa barazani ama alisikia jina lake likitajwa, ama alisikia mkwaruzo mtupu. Kati ya jina na mkwaruzo huo imo elimu nzima, nayo ni elimu ya ardhi kuliko ya redio.

Wimbi la masafa ya kati halirukii tu hewani kama ndege. Mchana hutambaa. Huikumbatia nchi, likaifuata dunia inapopinda, na kila hatua ardhi hulitoza ushuru. Mwaka 1909 Arnold Sommerfeld, mwanafizikia wa Kijerumani, alitoa hesabu ya ushuru huo. Ilikuwa hesabu nzito, na mafundi wa minara hawakupata njia nyepesi ya kuitumia hadi miaka ya 1930, Kenneth Norton wa Marekani alipoirahisisha. Kiini chake hakihitaji tarakimu nyingi. Ardhi ipitishayo umeme vizuri hutoza kidogo, na ardhi kavu hunyang'anya. Maji ya bahari hupitisha umeme mara 500 hivi kuliko udongo wenye unyevu, na mara elfu kadhaa kuliko nchi ya mawe na mchanga mkavu. Ndiyo maana vituo vya masafa ya kati vya ng'ambo humjia mtu wa kisiwani kama vimevuka sebule tu, ilhali mtu wa bara aliye umbali ule ule hukaza sikio.

Wimbi lenye urefu wa mita 300 halijali nyasi wala mabua ya mpunga. Linachokijali kimo chini: kwenye udongo uliolowa hupenya kiasi cha mita 5, kina cha kisima cha mkono, na huko chini ndiko linakokutana na hali halisi ya nchi. Mchora ramani huiona ardhi kwa sura yake, wimbi huionja.

Hapa Kilombero humtega mwenye haraka. Bonde hili, lenye ardhi oevu iliyoorodheshwa kimataifa mwaka 2002 kwa ukubwa wa karibu kilomita za mraba 8,000, hufurika masika hata mtu akadhani bahari imehamia bara. Ingekuwa rahisi kusema kwamba basi, masika yakifika, sauti nayo hupata njia ya baharini. Si hivyo. Maji ya Kilombero hayana chumvi, na maji matamu hayamfikii bahari hata kwa kidole katika kupitisha umeme. Linalosaidia ni tope: udongo mzito wa mfinyanzi ulioshiba mvua, ambao mara nyingi hupitisha umeme kuliko maji yaliyoufunika. Kiangazi ukikauka na kupasuka nyufa, ushuru hupanda. Nchi ni ile ile, mlingoti ni ule ule, lakini sauti hutembea juu ya ardhi mbili kwa mwaka, na ramani ya mhandisi aghalabu huandika moja.

Tena safari yenyewe haipiti juu ya ardhi ya namna moja. Sauti itokayo mjini Unguja kwenda Ifakara husafiri kama kilomita 350. Takriban 40 za mwanzo ni mlango wa bahari, zilizobaki ni bara. Mafundi wa zamani walijumlisha vipande vya njia mmoja baada ya mwingine, wakashangaa kupata jibu moja wakianza Unguja na jibu jingine wakianza Ifakara, jambo lisilowezekana, kwa kuwa njia ya mawimbi haina upendeleo wa kwenda au kurudi. Mwaka 1949 Mwingereza Millington alitoa dawa isiyo na makuu: piga hesabu ya kwenda, kisha ya kurudi, halafu chukua wastani wa hizo mbili. Wafasiri watatabasamu hapa, kwani nao huikagua tafsiri kwa kuirudisha ilikotoka. Hesabu hiyo ilibashiri pia jambo ambalo masikio ya wengi yangelikanusha: wimbi lililochoka kwa kupita bara, likiigusa bahari, hupata nguvu upya kwa kitambo, kwa sababu nishati iliyokuwa juu hushuka kujaza pengo lililoachwa chini. Vipimo vilivyofuata vilithibitisha hivyo.

Siku hizi sauti nyingi za bondeni huja kwa FM, na FM haina subira ya kutambaa. Urefu wa wimbi lake ni kama mita 3, na mlima mmoja huutia kivulini mji mzima. Iringa haiko mbali na Ifakara kwa mwendo wa kunguru, lakini katikati yake imesimama Udzungwa, yenye vilele vinavyopita mita 2,500, ilhali Ifakara iko chini ya mita 300. Bondeni kwenyewe hapana mlima wa kuzuia, ila dunia ni mviringo. Mnara wa mita 100 juu ya tambarare huona hadi kilomita 41 hivi, baada ya kuhesabu kupinda kwa wimbi hewani. Ng'ambo ya hapo msikilizaji lazima ajiinue mwenyewe. Wakulima wa mpunga, wanaoihama miji yao msimu wa kilimo na kukaa mashambani miezi, wanalo dungu la kuamia ndege. Aliyekaa chini na redio usawa wa mita 1 huongeza kilomita 4. Aliyepanda dungu la mita 3 huongeza 7. Kilomita 3 za kusikia kwa ngazi ya miti minne!

Vielelezo vya kompyuta vinavyochora eneo la usikivu hutegemea sura ya nchi iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour, Februari 2000. Ni kazi kubwa, ila rada ile ilipokutana na msitu mnene ilipima karibu na vilele vya miti, si udongo. Kwa hiyo misitu ya Udzungwa huingia hesabuni kama vilima vya ziada, na mahali palipofyekwa tangu wakati huo huendelea kuhesabiwa msitu. Kosa la mita 30 halimkeri mtazamaji wa ramani. Humkera aliye ukingoni mwa rangi ya kijani, anayeambiwa kuwa anasikia ilhali hasikii. Masika ya 2024, mafuriko makubwa yalipolikumba bonde la Kilombero na la Rufiji, onyo lililotangazwa mjini lilikuwa na manufaa kwa yule tu ambaye wimbi lilimfikia shambani. Ramani yenye mpaka mkali namna hiyo, kama uliokatwa kwa kisu, ni ramani yenye kiburi; ingefaa rangi ififie polepole, masika na kiangazi vichorwe mbalimbali, na mchoraji afike dunguni walau mara moja kabla ya kuipiga muhuri.

Jua likizama mambo hugeuka. Tabaka la chini la anga, ambalo mchana hulimeza wimbi la masafa ya kati lipandalo juu, hufifia, na sauti zilizoelekea mbinguni hurudishwa ardhini mamia ya kilomita kutoka zilikotoka. Kwa umbali wa Ifakara wimbi lililotambaa na wimbi lililoshuka hukutana, yakipatana na kugombana, sauti ikijaa na kunywea kama mtu asomaye akipita nyuma ya nguzo. Wazee wa bonde walilijua jambo hilo bila Sommerfeld. Shairi likianza kunywea, hawakugusa kitufe cha sauti. Waliishika redio kwa mikono miwili na kuizungusha taratibu juu ya meza, ubavu wake mpana ukielekea Dar es Salaam, hadi mshororo ukarudi.