Walichonunua Kina Miguu

Birmingham, Uingereza

Ndugu zangu wa nyumbani,

Huku tu wazima na kazi ipo, ingawa wenye kazi wamebadilika. Wengi mmenipongeza baada ya kuona jina jipya, tena kubwa, kwenye ukurasa wangu wa LinkedIn, na mama mdogo amepiga simu kuuliza kama nimehamia kampuni nyingine. Hapana, mama, sijahama. Kampuni yetu ndogo ya ushauri imenunuliwa na kampuni kubwa, nami ni sehemu ya vilivyouzwa.

Niwaeleze kwanza tunachokiuza. Mteja, awe hospitali, halmashauri au mwenye kiwanda, ana tatizo. Tunampelekea watu wanne watano wakae naye miezi kadhaa, wahoji, wahesabu, waandike ripoti. Kisha tunamletea ankara ya muda walioutumia. Hatuna ghala wala mitambo, na hata ofisi tumepanga. Ndiyo maana ununuzi huu haufanani na ule mliouzoea. Kampuni ya simu ya Celtel ilipogeuka Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010, minara ilibaki palepale vilimani na namba yako haikubadilika. Baadaye Tigo nayo ikawa Yas na watu wanaendelea kupiga simu. Mali ya kampuni ya washauri ina miguu. Inaweza kuandika barua ya kuacha kazi Ijumaa, na mwezi ukiisha ikawa imekaa kwa mshindani wako.

Wanunuzi wanalijua hilo, kwa hiyo hufunga kamba mapema. Wabia wetu wa zamani hawakulipwa fedha zote siku ya kusaini. Sehemu walipewa, sehemu imesogezwa mbele miaka kadhaa, nao wataipata wakibaki kazini na wakifikisha mapato yaliyoandikwa mkatabani. Basi ukimwona bosi wetu wa zamani akipiga makofi kila mkutano wa wenye mali wapya, usiseme amefurahi. Ana hesabu yake. Sisi wa chini hatukuwa na hisa, na hakuna aliyehangaika kutufunga kwa fedha. Wageni tulikuwa tayari tumefungwa na viza.

Hapo nitulie kidogo, maana vijana wengi mnaoniuliza habari za kazi za huku hamuulizi hili. Mwenye viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi yuko nchini kwa sababu mwajiri wake ana leseni ya udhamini kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani. Kampuni ikiuzwa na mamlaka juu yake yakaenda kwa mtu mwingine, leseni ile haihami pamoja na samani. Mnunuzi asiye na leseni yake anatakiwa kuiomba ndani ya siku 20 za kazi. Akizembea au akinyimwa, udhamini wako unaanguka, na kwa kawaida unapewa siku 60 utafute mdhamini mwingine au ufungashe. Siku tulipotangaziwa, wenzangu Waingereza waliuliza kama tutahama jengo na kama mapumziko ya Krismasi yataguswa. Mnigeria mmoja, Wahindi wawili na mimi tulikutana, bila kupanga, mlangoni kwa ofisa utumishi. Alituambia mnunuzi ana leseni ya miaka mingi. Ndipo chakula cha mchana kikapita kooni.

Wenyeji nao walikuwa na kinga yao mdomoni: TUPE, TUPE, kutwa nzima, kama watu waliovaa hirizi. Hizo ni kanuni za mwaka 2006 zinazomlinda mfanyakazi pale biashara inapohamishwa kutoka mwajiri mmoja kwenda mwingine. Anahama na mshahara wake, likizo yake na miaka yake ya utumishi. Sisi hazikutuhusu. Kampuni yetu iliuzwa kwa njia ya hisa, na kwa macho ya sheria ya kazi mwajiri ni yuleyule, amebadilika tu anayemmiliki. Mkataba uliendelea kwa sababu hakuna kilichohamishwa. Kinga iliyobaki ni ile ya upunguzaji: mwajiri akitaka kuondoa watu 20 au zaidi mahali pamoja ndani ya siku 90, lazima aanze mashauriano angalau siku 30 kabla; wakifika 100, siku 45. Kwetu waliondolewa wahasibu na mama wa mapokezi, wachache, chini ya idadi hiyo, kwa sababu kampuni kubwa ina wahasibu wake na milango yake inafunguliwa kwa kadi. Mama yule ndiye aliyejua ni mteja gani hapendi kupigiwa simu asubuhi. Hakuna aliyemuuliza kabla hajaondoka.

Tiketi ya treni ya kwenda kwa mteja, ambayo mama yule wa mapokezi alikuwa akiinunua kwa dakika mbili, sasa inapitia mfumo wenye idhini tatu, moja inatoka nchi nyingine. Saa zetu tunaziandika kwa vipande, na asilimia inayolipiwa na wateja inasomwa na watu ambao hatujawahi kuonana. Asiye na mradi yuko benchi, na benchi ndefu namna hii kocha hakujui kwa jina. Hayo mtu huyazoea.

Nisiloweza kulizoea ni yanayoupata ushauri wenyewe. Kampuni mpya inauza pia mifumo ya kompyuta. Katika mkutano wetu wa kwanza tukiwa na nembo mpya, ofisa wa halmashauri moja ya jirani, mteja wetu wa siku nyingi, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: mnaniambia ninunue mfumo kwa kuwa nauhitaji, au kwa kuwa mnao? Ana haki ya kuogopa. Halmashauri ya jiji la Birmingham ilitoa notisi Septemba 2023 kwamba haiwezi kumudu matumizi yake, na miongoni mwa mizigo iliyoielemea ni mfumo mpya wa hesabu ulioanza kazi mwaka 2022 na gharama zake kupita mno makadirio.

Swali la ofisa yule lina umri mrefu. Mwaka 1995 EDS, kampuni ya Texas ya huduma za kompyuta, iliwanunua washauri wa A.T. Kearney wa Chicago. Kwenye karatasi ilipendeza: mmoja anashauri, mwingine anafunga mitambo. Ndoa haikukaa. Mwaka 2006 wabia wa Kearney walijinunua wenyewe wakarudi kuwa huru. Kampuni ya ukaguzi ya PwC nayo ilikuwa na kitengo cha ushauri ambacho Hewlett-Packard ilizungumzia kukinunua mwaka 2000 kwa kiasi cha dola bilioni 18, mazungumzo yakavunjika. Katikati ya mwaka 2002 kitengo kikajitangazia jina jipya, Monday, na kabla jina halijakauka wino IBM ikakichukua, na watu wake kama 30,000, kwa dola bilioni 3.5. Ndani ya miaka miwili hakuna mnara ulioanguka. Soko la kampuni za intaneti lilikuwa limeporomoka, kashfa ya hesabu za Enron imewatia wateja hofu ya wakaguzi wanaouza na ushauri, na bei ikayeyuka.

Nisiseme mabaya matupu. Mafunzo ni mengi na bima ni nzuri kuliko ya zamani. Pia nimeunganishwa na timu ya Nairobi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu nije huku nimefanya mkutano wa kazi kwa Kiswahili. Nilimwamkia mkuu wao shikamoo, akacheka, akaniambia "poa". Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda. Washauri wetu wawili waliokuwa wakitafutwa na wateja kwa majina wameshaondoka, wamefungua kiofisi chao upande wa pili wa mji, na ofisa yule mwenye swali amewafuata. Wabia bado wapo, wanahesabu miaka. Mimi pia nipo, mpaka nipate ukaazi wa kudumu.

Mnaonitumia maombi ya kazi, ajira mpya zimesimamishwa hadi mwaka ujao wa fedha. Mkiitwa na kampuni nyingine ya huku, ulizeni kabla ya kusaini ni nani mwenye leseni ya udhamini, na kama kuna mnunuzi anayebisha hodi. Jibu mlidai kwa maandishi.