Daftari la Baraza ya Mbao

Pangani, Jumapili 12 Januari 2025

Wageni wa mwaka mpya wameondoka. Asubuhi nimevua viatu nikaikagua baraza ya mbao yote, mita tisa kwa sita, kuanzia ngazi za chumba cha kulia hadi ukingo wa bahari. Mbao zimekuwa rangi ya majivu. Hilo ni jua, halinitishi. Kinachonitisha ni upande wa bafu la nje: ukungu wa kijani, utelezi, na mahali ambapo bisibisi inazama bila kusukumwa. Chini ya mkungu, majani yameziba nafasi zote kati ya ubao na ubao.

Kaskazi inavuma, hewa kavu. Kazi ifanyike sasa, masika hayajaingia, na Ramadhani haijafika.

Jumatano 15 Januari

Mwenye nyumba hii ya wageni kapiga simu kutoka Dar. Anataka kampuni, "watu wenye mashine na karatasi zao." Kampuni moja ya mjini imetuma makadirio kwa WhatsApp jioni hiyohiyo: kuosha kwa mashine ya presha, kupiga vanishi, siku mbili kwisha. Hawakuomba hata picha.

Jirani yetu aliosha kwa mashine ya namna hiyo mwaka jana. Maji yalichimba sehemu laini za mbao, nyuzi zikasimama, na mpaka leo wageni wake wanaonywa wasipite peku. Nimemwambia mwenye nyumba anipe wiki moja.

Ijumaa 17 Januari

Baada ya swala amekuja fundi mzee wa majahazi, yule wa karibu na kivuko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nionyeshe."

Bei hakuitaja. Alivua kandambili, akatembea polepole akigonga kila ubao kwa mpini wa nyundo. Ubao mzima unaitika kwa sauti kavu. Uliooza sauti yake inamezwa. Kisha akaingia uvunguni na tochi ya simu, akakaa huko hadi nikaanza kumwita.

Alichokuta: mihimili ni mizima isipokuwa mmoja, ule ulio chini ya majani ya mkungu, maana hapo hewa haipiti. Mbao ni msaji wa Longuza kama tulivyoambiwa, ila baadhi zilipasuliwa pamoja na weupe wa pembeni, na weupe ndio uliooza. Kiini cha msaji kina mafuta yake, hata mchwa hawakigusi kwa urahisi. Madoa meusi yametokana na misumari ya kawaida iliyoshika kutu.

Nikamuuliza kuhusu vanishi. "Vanishi nzuri ndani ya nyumba. Hapa jua litaipasua, maji yataingia, na yakishaingia hayana pa kutokea." Yeye angepaka sifa, mafuta ya papa wanayopaka majahazi. Nilicheka mpaka machozi. Mgeni anywe chai juu ya harufu ile? "Basi mafuta ya linsidi," akasema, bila furaha.

Jumatatu 20 Januari

Tumepatana. Naandika ili pasiwe na maneno baadaye:

Ufundi ni wake na vijana wake wawili. Vifaa nanunua mimi, kwa risiti. Theluthi moja ya malipo siku ya kuanza, moja baada ya kuosha na kubadilisha mbao, ya mwisho mafuta yakishakauka. Chakula cha mchana juu yetu. Siku ya ukaguzi nayo inalipwa.

Hilo la mwisho limemkera mwenye nyumba: "Tumlipe mtu kwa kuangalia?" Nimemjibu kwamba kuangalia ndiko kulikotupunguzia mbao za kununua. Yeye alikuwa tayari kung'oa upande mzima.

Jumamosi 25 Januari

Tanga, kutafuta skrubu zisizoshika kutu. Kijana mmoja wa fundi alikuja nami, mfukoni ana sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Duka la kwanza, muuzaji anaapa: "Hizi stenlesi, dada." Kijana kasogeza sumaku, skrubu zikarukia zote. Muuzaji kaangalia pembeni. Duka la pili vilevile. La tatu, sumaku ilipita juu ya boksi bila skrubu hata moja kutikisika. Bei yake ilinifanya nikae kwenye benchi kwanza. Nimenunua.

Jumanne 28 Januari

Kuosha. Brashi ngumu, sabuni ya unga, na maji ya tangi la mvua. Kisima chetu kina chumvi, na chumvi ikibaki kwenye mbao huvuta unyevu, ukungu unarudi. Vijana wanasugua kufuata nyuzi za mbao, hawakatishi. Mmoja anatangulia na kipande cha bati akichokoa uchafu kwenye nafasi. Ametoa majani yaliyogeuka udongo, vizibo vya soda, na hereni ya mgeni.

Klorini fundi kaikataa: inaua ukungu, lakini inakula mbao.

Jumatano 5 Februari

Mafuta. Mbao zimekauka wiki nzima. Kabla ya kufungua kopo, mzee alidondosha maji hapa na pale kwa ncha ya kidole. Mahali yalipozama, "hapa tayari." Karibu na bafu tone lilibaki limesimama, pale tumeacha hadi kesho.

Walianza alasiri jua lilipopoa, kwa maana mbao ikiwa na moto mafuta yanakauka juujuu kabla ya kuingia. Mkono mwembamba, kisha kufuta yaliyobaki juu. Matambara yote kayatia kwenye ndoo ya maji. Ya linsidi yakirundikwa pamoja hupata joto yenyewe mpaka yakawaka, na stoo yetu imeezekwa makuti. Nimebandika karatasi mlangoni kuhusu hilo.

Jumatatu 10 Februari

Nimemaliza kulipa. Sasa mhasibu wa Dar anataka risiti ya mashine ya kodi, EFD. Fundi hana mashine hiyo, ana kidole gumba na sahihi. Nimeandika hati ya malipo, nikaambatanisha nakala ya kitambulisho chake. Mhasibu analalamika, lakini kapokea.

Kijana wa sumaku ameniambia, bila kinyongo, kwamba ile kampuni ya mjini ikipata kazi huku hupiga simu kwao kutafuta vibarua. Wakija hivyo, wanapewa mashine na kuambiwa wamalize kwa siku mbili. Hakuna anayewauliza wanaonaje. Kumbe tungelipia watu walewale, bei ya juu, ujuzi wao tukauacha ufukweni.

Jumapili 23 Februari

Mwenye nyumba alifika jana, akatembea peku, hakusema kitu hadi chakula cha usiku. Kisha: "Huyo mzee ana bei gani kwa mwaka?"

Tumekubaliana hivi: aje kabla ya masika, baada ya masika, na baada ya vuli. Agonge, aingie uvunguni, aseme. Analipwa kwa kuja, hata asipokuta kazi. Kufagia nafasi za mbao kila Ijumaa ni juu yetu. Mkungu ukatwe matawi ya upande wa baraza.

Fundi amekubali, kwa sharti moja: ukaguzi wa kwanza uwe asubuhi, kabla ya jua kali, kwa kuwa atakuwa amefunga. Nimempangia Jumanne ya tarehe 11 Machi.