Samaki Arudiye Mto wa Kwao

Mtu wa Pwani akiambiwa kwamba yuko mvuvi asimamaye ndani ya mto wa maji ya theluji tangu alfajiri mpaka adhuhuri, akatupa mshipi mara mia tatu asipate hata mguso mmoja, kisha akarudi nyumbani kwake akiwa radhi, atadhani anasimuliwa habari za mtu aliyepungukiwa na akili. Kwetu uvuvi ni kitoweo. Mwenye dema hulitega kwa ajili ya kitoweo, mwenye jarife hulitupa kwa ajili ya kitoweo, na hata mtoto aketiye gatini na mshipi wake wa mkononi, kama hapati kitu, huondoka na uchungu. Basi yatupasa tueleze ni samaki gani huyo, na imekuwaje sisi, tuliolelewa Tanga kwa changu na kolekole, tukawa miongoni mwa watu wa mtoni katika jimbo la Washington, magharibi ya Marekani, ambako riziki ilitupeleka.

Samoni wa Bahari ya Pasifiki wapatikanao katika mito ya upande ule ni wa namna tano. Wote huzaliwa katika maji matamu, ndani ya kiota ambacho mama yao amekifukua kwa mkia katika changarawe. Wote hushuka baharini wakiwa wadogo, hukaa huko mwaka mmoja, au miwili, au hata mitano, wakila na kunenepa, kisha hurudi. Wala hawarudi katika mto wowote tu. Walio wengi hurudi mto ule ule waliozaliwa, na mara nyingi kijito kile kile. Mwaka 1951 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Arthur Hasler na Warren Wisby, walitoa rai kwamba samaki huijua njia ya kwao kwa harufu: kila kijito kina harufu yake itokanayo na udongo na mimea ya mahali pale, na mtoto wa samoni huihifadhi harufu hiyo kabla ya kuondoka. Majaribio yaliyofuata yaliwaunga mkono. Tangu aingie mtoni samoni huacha kula. Huishi kwa mafuta ya mwili wake, akapanda maporomoko, rangi yake ya fedha ikageuka kuwa nyekundu au ya hudhurungi, taya zikapinda kama kulabu. Akisha taga, au dume akisha mwaga mbegu yake juu ya mayai, hufa. Mzoga wake huliwa na dubu, na ndege, na wadudu wa majini, na wadudu hao ndio watakaoliwa na watoto wake masika yajayo.

Stilihedi ni jambo jingine. Jina lake maana yake ni kichwa cha feleji, na aliyempa alimjua. Kwa asili yeye ni trauti, yule aitwaye trauti wa upinde wa mvua kwa ajili ya mstari mwekundu ubavuni mwake. Ila mmoja hubaki mtoni maisha yake yote asipate kuzidi ratili chache, na mwenziwe, pengine wa tumbo moja naye, huenda baharini akarudi na ratili nane, au kumi, au hata ishirini. Naye si lazima afe baada ya kutaga: baadhi yao hushuka tena baharini na kurudi mara ya pili. Wasomaji wetu wa Kenya wamjua ndugu yake huyo. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, zama za ukoloni, trauti hawa walitiwa katika vijito baridi vya Mlima Kenya na Nyandarua, na pale Kiganjo karibu na Nyeri kikajengwa kituo cha kuwatotolesha. Lakini trauti wa Nyeri hana njia ya kuwa stilihedi, maana Mto Tana ukisha shuka nyikani maji yake huwa ya moto mno kwake. Mwaka 1989 wataalamu walimtoa katika jamii ya trauti wa Ulaya wakamtia katika jamii moja na samoni wa Pasifiki. Wavuvi hawakushangaa.

Uvuvi wenyewe ni kazi ya kusoma maji. Stilihedi wa majira ya baridi huingia mtoni kuanzia Desemba hata Aprili. Mto ukiwa na tope hauvuliki, na ukiwa maangavu kupita kiasi samaki hukuona wewe kabla hujamwona. Mzuri ni ule wenye rangi ya kijani kidogo, ambao ukiingia hata magotini bado waziona nyayo zako. Samaki hakai katikati ya kasi, wala hakai penye maji mafu. Hukaa pale maji ya mbio yanapopakana na maji ya taratibu, mstari uonekanao juu ya mto kama mshono wa vitambaa viwili. Hapo ndipo unapotupa chambo, nacho ni mayai ya samoni yaliyotiwa chumvi na sukari, pamoja na chubwi la risasi la kadiri, si zito likanasa wala si jepesi likaelea. Chubwi lidonoe mawe ya chini likienda na maji: to, to, to. Mkono wako wahesabu mawe. Siku moja jiwe mojawapo halidonoi, bali lavuta.

Wavuvi hubishana sana kwa nini samaki asiye na haja ya kula aume chambo. Wapo wasemao ni hasira, wapo wasemao ni mazoea ya utoto yaliyomrudia alipofika kwao. Sisi twaelekea kwa hawa wa pili, ingawa hasira nayo tumeiona.

Vijana watakaopata bahati ya kufika huko tunawausia jambo moja tu. Suruali ile ya mpira ifikayo kifuani ni adui yako uangukapo, basi ifunge mkanda kiunoni, uwe na fimbo ya kuegemea, wala usiingie mtoni peke yako. Mito ile huua kila mwaka.

Sasa tufikie lile lililotufanya tushike kalamu. Mgongoni, karibu na mkia, samaki hawa wana pezi dogo laini lisilo na miiba, mfano wa ncha ya kidole cha mtoto mchanga. Samaki waliototoleshwa katika vituo vya serikali au vya makabila hukatwa pezi hilo wangali wadogo, kabla ya kuachwa waende baharini. Basi mvuvi ampatapo stilihedi jambo la kwanza ni kutazama mgongo. Asiye na pezi ni halali ya kuchukuliwa kwa sheria ya jimbo: humwua upesi, humwandika hapo hapo katika kadi yake, kisha humtia mfukoni. Mwenye pezi ni wa asili, aliyezaliwa katika changarawe. Naye karibu kila mahali katika jimbo lile sharti aachwe aende zake, asiinuliwe nje ya maji hata kwa kupigwa picha. Kwa ajili hiyo, katika mito mingi, ndoana huwa haina kile kijino cha kuzuia isichomoke.

Mama yetu mzazi alikuja kutoka Tanga kukaa nasi majira ya baridi. Siku moja akataka auone huo mto unaotuamsha usiku. Tukaenda naye Mto Cowlitz, ambao maji yake hutoka katika barafu ya Mlima Rainier; akaketi garini na chupa ya chai, na wajukuu wake ukingoni. Saa nne ya asubuhi tulishika stilihedi jike, mrefu kama mkono wa mtu mzima, mweupe kama shilingi mpya. Tulipiga magoti majini, tukapapasa mgongo, pezi likawapo. Tukamchomoa ndoana, tukamshika mkia kichwa chake kikielekea mkondo mpaka akapata nguvu, akaenda. Tulipogeuka mama yetu alikuwa ameshuka garini, kanga imepeperushwa na upepo, na uso wake si wa furaha.

“Mwanangu, una nini? Riziki imekujia mkononi nawe wairudisha majini, mbele ya wanao?”

Tukamjibu kwa adabu kwamba ni sheria.

“Sheria ya nani? Samaki ana mwenyewe?”

Hatukuweza kulijibu swali hilo pale mtoni, kwa kuwa jibu lake ni refu. Mwaka 1854 na 1855 makabila ya wenyeji wa nchi ile yalitia sahihi mikataba na serikali ya Marekani, yakatoa ardhi yao karibu yote na kujiwekea haki ya kuvua mahali walipozoea kuvua. Ardhi ilichukuliwa upesi, haki ikasahauliwa. Katika miaka ya 1960 wenyeji walikuwa wakikamatwa na kufungwa kwa kuvua katika mito yao wenyewe. Tarehe 12 Februari 1974 hakimu George Boldt aliamua kwamba nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa ni haki ya makabila yenye mikataba, na mwaka 1979 Mahakama Kuu ya nchi ikaithibitisha hukumu hiyo. Basi samaki wana wenyewe, na sisi wageni twavua kwa fadhila.

Lakini kabla ya hukumu kulikuwako mabwawa. Mto Columbia, ulio mkubwa kuliko yote ya upande ule, ulizibwa pale Bonneville mwaka 1938. Huko walijenga ngazi za maji ili samaki wapande. Bwawa la Grand Coulee, lililoanza kutoa umeme mwaka 1941, halikuwekewa ngazi, na mamia ya maili ya mto yakafungwa kwa samoni. Tarehe 10 Machi 1957 bwawa la The Dalles liliyafunika maporomoko ya Celilo, mahali ambapo watu walikuwa wakivua na kufanya biashara kwa maelfu ya miaka. Maji yalipanda kwa muda wa saa chache tu. Na katika Ziwa Redfish, ndani kabisa ya jimbo la Idaho, mwendo wa maili 900 kutoka baharini na kimo cha futi 6,500, samoni mwekundu walikuwa wakifika kwa maelfu zamani. Mwaka 1992 alifika mmoja. Dume, peke yake.

Mto wetu wa Cowlitz nao ulizibwa, pale Mayfield mwaka 1963 na pale Mossyrock mwaka 1968, na kwa kuwa samaki walikosa njia, kilijengwa kituo cha kuwatotolesha ili kufidia. Tulimweleza mama yetu hayo usiku ule. Yeye ameuza vitenge sokoni miaka thelathini. Alinyamaza kidogo, akasema, “Kumbe yule mwenye pezi ni mtaji.” Tangu hapo hakutulaumu tena.

Kwa haki yatupasa tuongeze kwamba fidia yenyewe ina hila. Samaki aliyelelewa kizimbani akichangamana na wa asili, watoto wao huwa dhaifu kuliko wa asili mtoni, na ndiyo maana iko mito ambayo wataalamu wameacha kutia humo stilihedi wa kutotoleshwa. Mito hiyo ndiyo iliyotuletea hitilafu nyumbani. Mmojawapo ni Skagit: katika miaka unapofunguliwa masika kwa stilihedi, kila samaki wa asili sharti aachwe, na watu hutoka mbali kwenda kuvua pasipo kutarajia kitoweo. Mama yetu aliposikia alicheka, kisha akauliza, “Wanavulia nini, kama si kuchezea mdomo wa kiumbe?” Nasi tuko pamoja naye. Dini yetu haipendi mnyama ateswe kwa mchezo, na samaki aliyeachwa si lazima awe amepona. Ndoana ikimfika katika mashavu, au maji yakiwa ya moto, huenda akafa baadaye pasipo mtu kumwona. Sisi hatuendi Skagit, na Cowlitz tukisha pata wa kutosha chungu twakunja mshipi, hata kama samaki wanaruka mbele yetu.

Mwanetu mkubwa, mwenye miaka kumi na sita, hakubaliani nasi. Yeye asema kwamba wavuao na kuachia ndio walio mstari wa mbele, pamoja na makabila, katika kuitetea mito. Kwamba mabwawa mawili ya Mto Elwha yalibomolewa kati ya mwaka 2011 na 2014, na manne ya Mto Klamath yakamalizwa mwaka 2024, na msimu ule ule wa vuli samoni wakaonekana juu yake walikokuwa hawajafika kwa zaidi ya miaka mia. Na kwamba mto usiovuliwa na mtu hakuna atakayejua siku unapokufa. Si maneno ya kipuuzi. Twajua watu wengi wa namna hiyo, na hatujasikia mmoja wao akimwonea samaki furaha ya ukatili.

Basi tumemkatalia ndoana lakini hatukumkatalia mto. Mwezi wa Aprili alikwenda pamoja na watu wajitoleao kuhesabu viota vya stilihedi katika kijito kimoja kinachomwaga maji Skagit. Walitembea siku nzima mvuani, wakitazama mahali changarawe ilipogeuzwa ikawa nyeupe, na kila kiota wakafunga utepe wenye tarehe juu ya mti wa jirani ili kisihesabiwe mara mbili. Alirudi usiku ameloa mpaka mifupa. Alihesabu viota vinane, na juu ya kimoja, asema, mama mwenyewe alikuwa bado yupo.