Mchele wa Kyela na Sukari ya Damu

Mchele wa Kyela una sifa njema, na si haki kuushitaki peke yake. Wanga wa wali hugeuka sukari tumboni, na insulini itokayo katika kongosho huifungulia mlango wa misuli. Mkulima ashindaye shambani huitumia. Kwa mlaji asiyetoka jasho, ini hugeuza ziada kuwa mafuta. Mazao ya mafuta hayo yakirundikana, ini na misuli huacha kuitii insulini, kongosho huelemewa, na kisukari huingia. Katika vijiji vya Tanzania vilivyochunguzwa kabla ya 1990, mtu mzima 1 hivi kati ya 100 alikuwa nacho. Utafiti wa taifa wa 2012 ulikuta 9. Basi sahani na ipimwe kwa kazi ya mlaji: wali upungue, maharage, mboga na usipa wa Ziwa Nyasa viongezeke.