Bodi ya Pili

Modeli ya msonge ukiiweka juu ya meza tupu haiwi nyumba, inakuwa tenga lililofunikwa. Baba, mwalimu mstaafu, aliisuka ya kwake kwa miezi mitano, kwa matete na nyasi alizokata mwenyewe, akizungusha pete moja baada ya nyingine kama alivyowaona wazee wakifanya utotoni mwake Kaagya. Kazi yake ni safi. Lakini kila picha aliyoipiga kwa simu ilimrudishia tenga, na nyuma yake chupa ya chai. Akanipigia: "Mwanangu, wewe unajua mambo ya picha. Itafutie pa kukaa."

Hapo pa kukaa ndipo penye kazi. Kitu kidogo hakijitajii ukubwa wake. Jicho huupima kwa majirani zake. Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1966, kina nyumba ya Wahaya ya ukubwa kamili, unaingia na kutoka. Hata hiyo, machoni pangu, inafanana na modeli, kwa sababu haina kibanja. Buhaya nyumba haisimami peke yake. Imezungukwa na migomba, chini ya migomba kuna mibuni na maharage, na humohumo wamelala waliotangulia. Kibanja kikiisha ndipo inapoanza rweya, nyasi tupu mpaka kibanja cha wengine.

Basi nilitakiwa kujenga kibanja. Skeli ya Baba ilikuwa 1:25, kwa hiyo msonge wa kipenyo cha mita 8 ulikuwa na sentimita 32. Nilinunua plaiwudi ya sentimita 60 kwa 60, sawa na mita 15 kwa 15 za Kaagya. Juu yake nikabandika lile povu gumu jeupe linalofungiwa friji mpya, nikalichonga kwa kisu kupata mteremko, kisha nikalipaka gundi ya mbao na kunyunyiza udongo. Udongo ni ule ule wa nyumbani, ila niliuchekecha kwa chujio la chai. Punje ya milimita moja kwenye skeli hiyo ni jiwe la sentimita mbili na nusu, na uwanja wa Babu haukuwa na kokoto.

Mgomba wa mita tano ni sentimita 20. Majani nilikata kwa karatasi ya kijani, nikapitisha waya mwembamba katikati, halafu nikayachana pembeni, maana jani lisilochanwa na upepo halijawahi kuishi nje. Karatasi ya kaki ikawa majani makavu yanayoning'inia kwenye shina. Matandazo ni nyasi za rweya zilizokatwakatwa kwa mkasi. Mibuni ni vijiti vya mzizi vilivyochovywa kwenye gundi, kisha kwenye majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, na kupakwa rangi.

Mpangilio niliupata kwa Baba. Alikaa kwenye kiti akiamuru: hapa makaburi mawili, hapa masale ya mpaka, hapa safu ya mibuni saba kuelekea kisimani. Shangazi alikuwa mlangoni anamenya ndizi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaja, akainamia bodi.

"Waitu, kazi nzuri. Na mimi ninakaa wapi?"

Shangazi alirudi kutoka kwa mumewe mwaka 1994. Babu akamwonyesha kona ya kibanja, akajenga nyumba ya vyumba viwili, ya mabati, mita nane kutoka ulipokuwa ukuta wa msonge. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Kwa miaka thelathini ndiye aliyepunguzia migomba majani, akatandaza nyasi na kuchuma kahawa, huku kaka zake wakifanya kazi Bukoba mjini na Mwanza. Babu amefariki. Desemba, watu wakirudi nyumbani kwa Krismasi, kutakuwa na kikao cha kugawa.

Baba alijibu kwa upole kwamba picha ni ya zamani. Msonge na nyumba ya mabati havikuwahi kusimama siku moja.

"Sawa," alisema Shangazi. "Na hiyo mibuni saba aliipanda nani?"

Baba alinyamaza. Mibuni ile ni ya Shangazi. Msonge ulipoanguka haikuwapo hata mche.

Kanuni za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kesi ya Holaria Pastory, Mhaya wa Muleba aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake akaliuza, na ndugu wa ukoo akapinga. Jaji alisema haki ya mwanamke ni ileile ya mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inasema hivyo. Shangazi anaifahamu kesi hiyo kwa jina. Anafahamu pia kwamba kikao cha ukoo hakifunguliwi kwa kusoma hukumu. Mtu husimama akasema, "Zamani hapa palikuwa hivi." Na bodi yangu ilikuwa inatengenezwa iwe hiyo zamani.

Baba alipendekeza njia ya kati, ambayo watengeneza modeli huitumia sana: nyumba ya Shangazi iwe ya skeli ndogo, 1:50, iwekwe ukingoni kabisa. Kwenye picha ingeonekana kubwa ya kutosha, ila iko mbali. Nilimweleza Shangazi ujanja huo unavyofanya kazi. Alielewa haraka kuliko wanafunzi wengi.

"Kwa hiyo nitakuwa nipo, lakini nimesogezwa."

Nikanunua plaiwudi nyingine, sentimita 60 kwa 40. Nyumba yake, sentimita 24 kwa 16, ilikaa humo kwa skeli moja na msonge. Mabati nilikunja kwa karatasi ya ndani ya pakiti za sigara, nikaiviringisha kwenye sindano kupata migongo. Baba aliomba bodi zifungwe kwa bolti mbili, ili zibebeke. Shangazi akauliza spana itakaa kwa nani.

Tulipiga picha rweyani, saa kumi na moja jioni. Balbu ndani ya chumba hutoa vivuli vinavyotawanyika, na huo ndio ushahidi wa kitu kidogo; jua halina skeli ya kubishania. Niliweka bodi juu ya viti ili ukingo wake ulingane na upeo wa nyasi, nikageuza simu juu chini kusudi lenzi ishuke mpaka sentimita sita na nusu, usawa wa macho ya mtu aliyesimama pale uwanjani. Nilikaa nyuma kiasi, maana ukisogea sana nyuma ya kitu panakuwa ukungu, na msonge unarudi kuwa tenga. Mawingu yalikuwa ya kweli.

Picha ikaenda kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Waliandika pongezi, wakamtaja Babu. Kisha baba mdogo mmoja, akiwa Mwanza, akauliza ile nyumba ya mabati ni ya nani.

Baba alikuwa anaandika. Niliona kwenye simu. Shangazi alimtangulia kwa sauti ya sekunde nne: "Ni yangu. Na mibuni pia."

Kikao ni Desemba. Bodi ziko kwa Shangazi, zimefungwa, na spana iko juu ya kabati lake.