Breki za Upepo: Kulika Kwake, Kupimwa Kwake na Ubishi wa Spana

Breki ya lori zito hulika kila inapokanyagwa, na kulika huko si hitilafu bali ndiyo kazi yake. Lainingi hutengenezwa iishe ili dramu isiishe mapema. Hitilafu huanza pale breki inapolika bila mtu kujua, au mtu anapojua akaficha. Maelezo haya yanahusu breki ya dramu inayosukumwa kwa upepo, ambayo bado imefungwa kwenye malori na matela mengi ya barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Yametokana na maisha ya kazi ya fundi mmoja, mwandishi mwenyewe, aliyestaafu wakati vijana wa gereji wanazidi kuikaza breki na kuacha kuipima.

Mwandishi alikulia Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima Kitonga, enzi za malori ya Fiat yaliyopeleka mafuta Zambia na kurudi na shaba. Shule ya msingi, mashamba ya vitunguu, utingo, kisha gereji ya Makambako: hayo yalipita upesi. Kilichobaki ni harufu kali ya lainingi iliyoungua, ambayo watoto wa pale waliizoea kabla hawajajua inatoka wapi. Magari yalikuwa yakifika chini ya mlima magurudumu yakitoa moshi, na madereva wakikatazwa na wazee wasimwagie maji dramu iliyowaka, kwa sababu chuma cha moto kikipata maji ya ghafla hupasuka.

Mfumo wenyewe ni rahisi kuueleza. Kompresa hujaza mitungi ya upepo. Dereva akikanyaga, upepo huingia kwenye chemba ya kila gurudumu, ile ambayo mafundi wengi huiita busta, na kusukuma diaframu ya mpira pamoja na fimbo yake. Fimbo husukuma mkono wa slaki, kifaa kinachokazwa ili kiatu kisikae mbali na dramu, slaki huzungusha shafti yenye kichwa cha umbo la S, na kichwa hicho hupanua viatu viwili mpaka lainingi ikabane dramu kwa ndani. Chemba ya namba 30 ina eneo la inchi za mraba 30, kwa hiyo upepo wa psi 100 huipa fimbo nguvu ya pauni 3,000. Fimbo hiyo, hata hivyo, ina mwisho wa safari. Chemba ya kawaida ya namba 30 ina mwendo wa inchi mbili na nusu tu, na fimbo ikipita inchi 2, yaani milimita 51, nguvu yake huporomoka haraka kwa sababu diaframu inakaribia kugota ukutani. Hapo upepo unaweza kuwa umejaa mitungini, geji ikasoma vizuri, na gurudumu lisishike.

Lainingi ikilika, fimbo hulazimika kutoka zaidi kabla kiatu hakijagusa. Dramu ikipata moto hutanuka, nayo hukimbia kiatu. Breki iliyo pembeni kabisa mwa kipimo ikiwa baridi gerejini inaweza kupita kipimo ikiwa ya moto katikati ya mteremko, mahali pasipo na fundi wala spana. Lori lenye tani 56, uzito wa juu unaoruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, likishuka mita 100 tu za wima huachia nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 150 za maji. Injini isipobeba sehemu ya mzigo huo, karibu joto lote huingia kwenye dramu. Anayejua hesabu hii haulizi kwa nini Kitonga, Sekenke na Iwambi huko Mbalizi ni milima inayotajwa kila mara kwenye habari za malori yaliyoshindwa kusimama.

Dalili za kulika zinaonekana kwa macho kabla gari halijaleta kisa. Lainingi ya vipande viwili kwenye kiatu ikibaki na unene chini ya robo inchi katikati, kama milimita 6, sheria za Marekani hazikubali gari hilo libebe mzigo wa biashara, na kipimo hicho kinafaa hata pale ambapo hakuna anayekagua. Unene peke yake haumalizi maneno. Lainingi iliyolika upande mmoja inasema shafti ya S imelegea kwenye bushi zake au kiatu kimepinda. Iliyolika zaidi kwenye gurudumu moja kuliko mwenzake wa ekseli ileile inasema gurudumu la pili halifanyi kazi, na fundi mwenye haraka hubadilisha lile lililolika akaliacha lililo goigoi. Lainingi nyeusi inayong'aa na kunuka grisi au mafuta ya haba inaonyesha sili imeachia. Hiyo haisafishwi kwa petroli wala haichomwi moto ili mafuta yatoke, inatupwa pamoja na ya upande wa pili. Dramu yenye madoa ya bluu imewahi kuchemka kupita kiasi. Nyufa ndogo za juujuu ni za kawaida, lakini ufa uliofika kwenye ukingo umeshahukumu dramu hiyo.

Kipimo chenye maana kuliko vyote ni safari ya fimbo, nacho kinataka chaki, rula na watu wawili. Vigingi huwekwa kwenye magurudumu, handibreki huachiwa, upepo huletwa kati ya psi 90 na 100, kisha injini huzimwa. Fundi huchora alama kwenye fimbo pale inapotokea kwenye uso wa chemba. Msaidizi hukanyaga pedeli mpaka mwisho na kushikilia. Fundi hupima umbali ambao alama imesogea, huandika, na kwenda gurudumu linalofuata. Lori la ekseli tano lina breki kumi, na wakaguzi wa Amerika Kaskazini huliegesha papo hapo iwapo asilimia 20 ya breki zake ni mbovu, maana yake mbili tu kati ya kumi. Kazi yote huchukua muda usiozidi wa kupakia sehemu ndogo ya mzigo, na bado ndiyo inayorukwa kwanza.

Mzee aliyemfundisha mwandishi kazi Makambako hakuwa na rula. Alikuwa na sikio na mkono. Magari ya wakati wake yalikuwa na slaki za kukazwa kwa mkono, nazo zilitaka kukazwa mara kwa mara: spana huzungushwa mpaka kiatu kiguse dramu, kisha hurudishwa robo au nusu mzunguko, na gurudumu lililoinuliwa kwa jeki huzungushwa kusikiliza mkwaruzo mwepesi. Mzee alilisikia gurudumu lenye tatizo kabla mwanafunzi hajatoa jeki. Alikuwa sahihi kwa chombo alichokuwa nacho, na heshima yake haipunguzwi na lolote linalofuata.

Ugomvi ulizaliwa slaki za kujikaza zenyewe zilipoingia. Marekani iliziamuru kwa malori mapya ya breki za upepo kuanzia Oktoba 1994, na Afrika Mashariki ziliingia hasa na magari yaliyotumika kutoka Ulaya. Ndani ya slaki hiyo kuna utaratibu unaosoma mwendo wa fimbo na kusogeza meno kidogo kidogo kila breki inapokanyagwa, ili nafasi kati ya kiatu na dramu isikue. Kwa nje ina kichwa cha boliti kama ile ya zamani, na hicho kichwa ndicho kimewaponza mafundi. Kimewekwa kwa ajili ya kufunga slaki mpya au kufungua viatu wakati wa matengenezo. Wengi wamekichukua kuwa ruhusa ya kukaza kila asubuhi.

Katika karakana ya kampuni moja ya usafirishaji ambako mwandishi alifanya kazi baadaye, msimamizi aliagiza kila tela lipite kwenye spana kabla ya kuondoka. Hoja yake ilikuwa fupi: gari likikazwa breki inashika, na ushahidi ni kwamba limefika Tunduma. Mwandishi aliipinga hoja hiyo mbele ya mafundi wote na hajawahi kuacha kuipinga. Slaki ya kujikaza ambayo fimbo yake imepita kipimo imeshatoa taarifa kwamba kuna kitu kimekufa: bushi ya shafti, pini ya uma, mkono wa kuishikilia uliopinda, au slaki yenyewe. Kuikaza kwa spana kunaipa afya ya siku mbili tatu na kukifuta kile kipimo ambacho kingempeleka fundi kwenye chanzo. Zaidi ya hapo, kila ikirudishwa nyuma kwa nguvu, meno ya ndani husagika, na slaki iliyokuwa na bushi mbovu tu sasa ina meno mabovu pia. Fundi huwa ameongeza ugonjwa huku akiamini ametibu.

Ushahidi wa nje ulikuja kutoka mbali. Aprili 2003, huko Glen Rock katika jimbo la Pennsylvania, lori la tipa lilishindwa kusimama kwenye mteremko na kugonga magari madogo, watu wakafa. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, katika ripoti yake ya 2006, ilikemea tabia ya kukaza kwa mkono slaki za kujikaza, kwa kuwa huficha kasoro halisi. Hayo hayo yalikuwa yakisemwa Makambako na Mafinga na watu wasiosikilizwa kwa sababu mikono yao ilikuwa na grisi.

Tiba ya kweli hufuata mpangilio. Fimbo ikionekana imepita kipimo, pedeli hukanyagwa kwa nguvu mara kadhaa na kupimwa tena, kwani slaki nzima itajirekebisha. Isipofanya hivyo, bushi na pini hutikiswa kwa mkono, pembe ya slaki na fimbo hukaguliwa, na kilichokwisha hubadilishwa. Lainingi hubadilishwa kwa ekseli nzima, pande zote mbili, za aina moja. Dramu hupimwa kipenyo: ya Kimarekani ya inchi 16.5 hutupwa ikifika inchi 16.62, na nyingine huwa na kikomo chao kilichochorwa kwenye chuma. Dramu iliyopita kikomo huvunjwa kwa nyundo siku hiyo hiyo, kwa sababu ikibaki nzima nyuma ya gereji itauzwa kama spea. Vumbi la breki halipulizwi kwa upepo. Magari ya zamani yalifungwa lainingi za asbesto, na vumbi lile huua mapafu polepole. Na chemba pacha yenye springi ya handibreki haifunguliwi kamwe mkanda wa upande wa springi. Springi ile imebanwa kwa nguvu ya kuua, na vijana wanaoifungua ili waitengeneze waambiwe hivyo kwa sauti ya juu.

Tela huonewa kuliko kichwa cha lori, kwa kuwa hupita mikononi mwa wengi na hakuna dereva anayelihesabu kuwa lake. Tela lisiposhika, breki za kichwa hubeba kazi ya wawili, na mwenye gari hulalamika kwamba lainingi za mbele ni feki. Dereva naye ana sehemu yake. Anayetoa gia kwenye mteremko ili kuokoa dizeli hulipa dizeli hiyo kwa lainingi, na siku nyingine kwa uhai. Gia huchaguliwa kabla mteremko haujaanza, breki ya egzosti huwashwa, na pedeli hutumiwa kwa vipindi, haishikiliwi kwa kulegea mwendo mzima.

Breki za diski zenye vihisio zinaingia sasa, na zinahimili joto vizuri zaidi. Hazijaondoa haja ya kupima. Pedi ina kikomo chake na diski ina chake, na kihisio kilichokatwa waya hakitoi onyo. Kwa hiyo wenye malori wanaombwa jambo moja: wamlipe fundi kwa muda wa kupima breki zote za gari na kuandika namba zake kwenye daftari, kama wanavyomlipa kwa kufunga spea, na gari ambalo namba zake hazijaandikwa lisitoke getini.