Juu Pakavu, Ndani Pamelowa

Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa ngalawa hapa Tanga. Alichonga magogo ya miembe, akayafunga ndubi zake mbili, akayauza kwa wavuvi wa pwani yetu. Siku ya kukabidhi chombo alikuwa na desturi moja ambayo sisi watoto tuliiona ya ajabu. Badala ya kukisukuma majini, alikiinua juu ya magogo mchangani, kisha akatuamuru tukijaze maji ya bahari kwa ndoo. Mnunuzi alizunguka akikitazama kwa nje. Palipokuwa na ufa, maji yalichuruzika, na mara nyingi baba alipaonesha kwa kidole kabla mnunuzi hajapaona. "Hapa patakusumbua," alisema. "Nimepatia kalafati, lakini upaangalie kila mwaka." Baada ya hapo ndipo bei ilipozungumzwa.

Nilikuwa nimeisahau desturi hiyo mpaka miaka michache iliyopita, lilipowekwa mikononi mwangu boti moja la kigeni nilitafutie mnunuzi.

Kazi yangu ni kutunza vyombo vya wageni vinavyotia nanga upande wa Raskazone. Wenyewe husafiri kwao, nami hubaki nikiangalia nanga, nikitoa maji ya ngama na kusafisha sitaha. Miongoni mwa vyombo hivyo lilikuwapo katamarani moja, boti la matanga lenye viunzi viwili vilivyounganishwa na sitaha pana, mfano wa mitumbwi miwili iliyobeba nyumba. Jina lenyewe limetoka katika lugha ya Kitamil, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja; kwa hiyo ni ndugu wa mbali wa ngalawa zetu. Lilikuwa na urefu wa mita 13 na upana wa mita 7, lilijengwa Ufaransa, na lilikuwa limekwisha kuvuka bahari kuu zaidi ya moja.

Mwenyewe, mzee wa makamo ya baba yangu, alifika nalo akiwa na mkewe. Mkewe akaugua, wakarudi kwao kwa matibabu, na misimu miwili ya masika ikapita boti likiwa nangani. Mwishowe mzee akanipigia simu: hatarejea tena baharini, nimtafutie mnunuzi miongoni mwa mabaharia wapitao. Likiuzwa, fungu langu lingekuwa kama shilingi milioni 6. Mwaka huo binti yangu Mwanaidi alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na ada yake ilikuwa haijulikani itatoka wapi. Niliposikia kiasi hicho, nilishukuru Mungu hata kabla ya kukata simu.

Sasa niieleze ila ya boti hilo, kwa kuwa humo ndimo kisa chote kilimo. Sitaha ya boti la aina hii aghalabu si faiba tupu. Ni ngozi mbili nyembamba za faiba, na katikati yake vimepangwa vipande vya mti mwepesi uitwao balsa. Wepesi huo una sababu. Boti la kiunzi kimoja hubeba risasi nzito chini ya mkuku, ili likilala kwa upepo lirudi kusimama. Katamarani haina uzito huo. Hutegemea upana wake, na ikielemewa mzigo hupoteza mbio na usalama. Lakini balsa ikipata njia ya maji hunyonya, na mwisho huoza, hali ngozi ya juu ingali inang'aa.

Masika ya pili niliona alama ya maji ndani ya kabati, upande wa kulia. Nikapanda juu, nikagonga sitaha kwa mpini wa bisibisi. Mahali pazima hutoa mlio mkavu, mfano wa kugonga meza. Nilipolikaribia bamba la chuma linaloshika waya wa mlingoti, mlio ukageuka kuwa mzito na bubu, kana kwamba nimegonga godoro. Mlingoti wa boti lile ulishikwa na waya tatu kuu, mmoja mbele na mmoja kila ubavu. Bamba moja likiachia katika upepo mkali, mlingoti wote huanguka.

Nilimwarifu mzee. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Paka rangi. Anayenunua boti huleta mtaalamu wake wa kulikagua. Hiyo ni kazi yake, si yako wala yangu."

Nami nikapaka. Sitaki kujificha nyuma ya amri ya mtu mwingine. Mkono uliokwangua, ukajaza putti, ukapiga msasa na kupaka rangi nyeupe ulikuwa huu ninaoandikia. Nilipomaliza, hata mimi mwenyewe sikuweza kupatambua mahali penyewe kwa macho.

Mwezi wa Septemba wakaja wanunuzi, mume na mke pamoja na watoto wao wawili, wakubwa wao hajafika miaka kumi. Walikusudia kungoja kusi lilegee, kisha washuke mpaka Mayotte, wapite mlango wa bahari wa Msumbiji na kufika Afrika Kusini kabla majira ya vimbunga hayajakolea. Walilipenda boti tangu walipolikanyaga. Watoto walichaguliana vitanda. Nilipomuuliza yule bwana lini mtaalamu wake atakuja, akacheka. Kumleta mtaalamu kutoka nje kungemgharimu fedha nyingi, naye alikuwa ameambiwa na mabaharia wenzake kwamba mimi ni mtu wa kuaminika. "Wewe fundi umelitunza miaka miwili," akasema. "Mtaalamu gani atalijua kuliko wewe?"

Jioni ile, baada ya Isha, Maalim wetu alikuwa akisomesha mlango wa biashara. Akaeleza habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akaingiza mkono katika rundo la chakula, na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye chakula alitoa udhuru wa mvua. Akaulizwa kwa nini hakukiweka kilicholowa juu, watu wakakiona. Kisha likafuata lile onyo ambalo kila Muislamu amewahi kulisikia juu ya mwenye kughushi. Nilikuwa nimelisikia tangu utotoni, nikidhani linawahusu wauza nafaka.

Darsa ilipokwisha nilimfuata Maalim, nikauliza kwa mzunguko, kama aulizaye habari za mtu mwingine. Je, mwenye kuuza akiwa ni wakala tu, na mali si yake? Na mnunuzi akiwa si Muislamu? Maalim akanitazama kitambo. "Ila ni ya bidhaa," akajibu. "Haibadiliki kwa dini ya mnunuzi. Na wakala ana ulimi wake mwenyewe, atakaoulizwa." Hakusema zaidi, nami sikuthubutu kuuliza zaidi.

Hata hivyo nafsi haikukosa hoja. Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba mzee naye ameniamini, na kumharibia biashara ni kuivunja amana yake. Nilijiambia kwamba wageni wana fedha, na kwamba pengine bamba lingeshika miaka mingine kumi. Mama Mwanaidi alinikuta barazani sijagusa chakula. Nikamweleza yote, pamoja na zile milioni 6. Hakutaja ada, wala hakutaja dhambi.

"Baba Mwanaidi," akaniuliza, "hao watoto wanalala upande gani wa chombo?"

Upande wa kulia. Chini kabisa ya pale nilipopaka rangi.

Alfajiri ya pili yake nilimpigia simu mzee kwanza, kwa kuwa nayo pia ilikuwa amana. Nilimwambia siwezi kuliuza boti bila kuitaja ila yake. Ama aniruhusu niseme, ama aniondoe katika kazi ile, lakini kwa vyovyote sitanyamaza mbele ya watu walioniuliza. Akafoka, kisha akakata simu. Nikapiga makasia mpaka botini, nikampa yule bwana bisibisi na kumwambia agonge mwenyewe, akianzia omo na kuja taratibu mpaka kwenye bamba. Alipofika akasita. Akagonga tena. Nikamwambia, "Rangi hii nimeipaka mimi."

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Kuitaja ila ya chombo kulikuwa kwepesi. Kuitaja ya mkono wangu kulinikausha koo. Mkewe aliwakusanya watoto kimya kimya. Hawakunitukana, wala hawakunishukuru. Wiki ile wakaondoka Tanga, hawakulinunua.

Mzee aliacha kunilipa. Mwaka uliofuata boti likauzwa kwa bei ya chini sana kwa fundi mmoja aliyeelezwa kila kitu, naye akaniajiri kwa ujira wa siku tulitengeneze. Tulilipandisha mchangani wakati wa bamvua. Maji yalipokupwa likakaa wima kwa viunzi vyake viwili. Tukakata ngozi ya juu ya sitaha, kipande chenye ukubwa wa mkeka wa kuswalia. Balsa iliyokuwa chini ilikuwa nyeusi kama majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, nasi tuliitoa kwa kijiko. Bolti mbili kati ya zilizoshika bamba zilikuwa zimeliwa na kutu. Moja ilikatika mkononi mwangu kabla sijaigonga nyundo. Nilikaa chini mchangani. Yule fundi alidhani ni jua.

Sikulipata lile fungu. Mwanaidi alikaa nyumbani mwaka mzima kabla hatujaweza kulipa ada, na wenzake aliomaliza nao shule walimtangulia. Sitaki msomaji adhani kwamba kila anayesema kweli hufunguliwa mlango wa riziki kesho yake asubuhi. Mimi sikufunguliwa. Nilimweleza binti yangu sababu, na kwa siku kadhaa hakuzungumza nami ila kwa salamu. Siku moja akaniomba nimpeleke akalione boti. Akaweka kiganja juu ya sitaha mpya, akagonga kwa kifundo cha kidole huku na huku, akisikiliza. Kisha akasema, "Sasa pako sawa, baba," tukarudi nyumbani.

Ndugu msomaji, wengi wetu hatuuzi maboti. Lakini tunauza pikipiki zilizowahi kuanguka, nyumba zinazovuja kila masika, simu zilizoingia maji, ng'ombe wasiotoa maziwa tunayoyasifia. Watu wa zamani walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo kibaya hupakwa rangi, kikakaa palepale kikingoja mtu anayetuamini. Kabla hujapokea fedha, jaza maji ndani ya chombo chako, mwite mnunuzi azunguke, nawe umtangulie kuonesha panapovuja.

Ile bolti iliyokatika ninayo mpaka leo. Imo katika sanduku la zana alilonirithisha baba, pamoja na patasi zake.